Rimu imebanduka? Angalia kadi ya mtoto (sehemu ya 6)

Mama zangu, hizi rimu za kromu, hasa huku Pwani: chumvi ikishaila alumini ya ndani, kromu inabanduka na kubaki kali kama wembe. Mtoto anacheza pembeni ya gari, akipitisha mkono tu, kachanika.

Mtaani tunalaumu kutu. Jamani, pepopunda haitokani na kutu! Inaletwa na bakteria wanaokaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, na tairi inakanyaga huko kote. Kinga ni chanjo: wiki ya 6, ya 10 na ya 14.

Akikatwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Majivu hapana, mafuta ya breki hapana. Mpeleke kituo cha afya na kadi yake.

Kama hela ya kung'arisha rimu ipo, nauli ya kliniki isikosekane.