Kichomea Taka cha Hospitali Kinatuhusu: Twendeni Tukakikague

Ndugu zangu tunaoishi jirani na hospitali za wilaya, kuanzia wenye nyumba zinazopakana na ukuta hadi mama lishe wa getini, nina ombi. Kabla halmashauri zetu hazijafunga bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai, twendeni kwa uongozi wa hospitali, kwa heshima na kwa utaratibu, tuombe kuonyeshwa kichomea taka. Wodi mpya na majengo ya upasuaji tunaonyeshwa siku za uzinduzi. Safari hii tuonyeshwe kile kibanda cha matofali chenye bomba, kule nyuma ya majengo, tuulize kinachomwa nini humo, nani anachoma, na majivu yanakwenda wapi.

Nawaelewa majirani wanaotaka kifungwe. Moshi unapoingia chumba alicholala mtoto mchanga, mzazi hahitaji kusomewa ripoti. Hata hivyo nasema tusikifunge kabla hatujapata mbadala. Sindano haziozi. Zikikosa moto zitatupwa shimoni, na shimo lisilo na mfuniko wala uzio hufikiwa na waokota chupa, mbuzi, na watoto wanaotafuta mabomba ya sindano wachezee maji. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtu akichomwa mara moja na sindano iliyotumika kwa mgonjwa wa homa ya ini aina ya B, hatari ya kuambukizwa ni asilimia 30. Kwa aina ya C ni asilimia 1.8, na kwa VVU ni asilimia 0.3. Kwa hiyo moto bado tunauhitaji, ila uwe moto kweli.

Hapo ndipo penye shida. Vichomea vingi vya matofali vilivyojengwa Afrika Mashariki vinafuata mchoro uliobuniwa Chuo Kikuu cha De Montfort, Uingereza, chini ya Profesa Jim Picken. Vina vyumba viwili: cha kwanza kinaunguza taka, cha pili kinaunguza moshi wa taka hizo kabla haujapanda bombani. Chumba hicho cha pili hakifanyi kazi yake kikiwa baridi. Mchomaji anatakiwa awashe kuni au vifuu kwanza, asubiri joto lipite nyuzi 600, ndipo aanze kutia taka kidogo kidogo. Aliyewahi kusukumia kuni mbichi kwenye mafiga anajua kinachotokea mtu akiharakisha. Basi tujifunze kusoma bomba la hospitali yetu. Moshi mweusi usiokatika unatuambia tanuri halijapata moto, au limejazwa kupita uwezo wake, au taka zimelowa. Si hali ya kawaida ya hospitali, na tusikubali kuambiwa hivyo.

Ndani ya moshi huo mna kitu kibaya kuliko harufu. Mifuko ya damu na mipira ya dripu mingi hutengenezwa kwa plastiki ya PVC, ambayo ina klorini. Ikiungua kwa moto hafifu huzaa dayoksini, sumu inayokaa kwenye mafuta ya wanyama, kwenye maziwa na kwenye mayai, na kudumu mwilini kwa miaka. Tangu mwaka 1997 wakala wa utafiti wa saratani wa Umoja wa Mataifa umeiweka aina kali zaidi ya dayoksini kwenye kundi la visababishi vilivyothibitika vya saratani. Mkataba wa kimataifa wa Stockholm wa 2001, unaohusu sumu zinazodumu, unavitaja vichomea taka za hospitali waziwazi miongoni mwa vyanzo vya dayoksini. Mwaka 2005 IPEN, mtandao wa kimataifa wa mashirika yanayopinga kemikali za sumu, ulipima mayai ya kuku wa kienyeji jirani na dampo la Dandora, Nairobi, ambako taka za kila namna huungua ovyo, ukakuta dayoksini imepita mara kadhaa kikomo cha Umoja wa Ulaya. Kwa hiyo tukifika kule nyuma tuangalie kama shimo la majivu limefunikwa, na kama kuku wetu wanachakura pale.

Sasa niseme la upande wetu, maana si kila kosa ni la hospitali. Takriban asilimia 85 ya taka za vituo vya afya ni za kawaida tu: maboksi, karatasi, maganda, mabaki ya chakula. Hizi hazihitaji tanuri kabisa. Lakini tunapokwenda kumtazama mgonjwa tunatupa chupa ya juisi na ganda la ndizi kwenye ndoo yoyote iliyo karibu. Ndoo ya njano na nyekundu ni za taka zenye maambukizi. Ya bluu au nyeusi ndiyo yetu. Tukichanganya, ndoo nzima inakuwa hatarishi, tanuri linalemewa, kuni hazitoshi, moshi unarudi kwetu. Na wenye ndugu wanaojichoma insulini nyumbani, tafadhali sindano zisiende kwenye jalala la mtaa. Ziwekwe kwenye chupa ngumu yenye kifuniko, zirudishwe kliniki.

Kuna mtu mmoja ambaye ningependa tumuulizie kwa jina siku hiyo: mchomaji mwenyewe. Je, ana buti, glovu nzito, miwani na barakoa? Amechanjwa dozi zote tatu za homa ya ini B? Amefundishwa kwamba vipimajoto vya zebaki na makopo ya kupuliza hayaingii motoni kamwe? Mara nyingi ni kibarua wa malipo madogo, na sisi wote tunapumua kutokana na kazi yake. Bajeti isiyo na fungu lake ni bajeti pungufu, hata ikiwa na mashine mpya ya mionzi.

Tanuri la matofali ni la kutuvusha tu. Linalotambulika kimataifa hufanya kazi kati ya nyuzi 850 na 1,100 na lina mtambo wa kusafisha hewa yake. Ipo pia njia isiyo na moshi: otoklevu, inayoua vijidudu kwa mvuke wa nyuzi 121 au zaidi. Tanzania, pamoja na Ghana, Madagaska na Zambia, iliwahi kushiriki mradi wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP) wa kufunga mitambo hiyo hospitalini, kwa hiyo si ndoto. Tuidai iingie kwenye mipango.

Nguvu tunayo kisheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Tangu 2017/18 vituo vya afya vya umma hupokea fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao, na kamati za usimamizi wa vituo zina wawakilishi wa wananchi. Tuwajue ni akina nani.

Katika mkutano ujao wa mtaa au kijiji, mmoja wetu asimame aombe jambo hili liandikwe kwenye muhtasari. Wachaguliwe watu watano, wakiwemo wanawake wanaoishi karibu na ukuta. Waandike barua kwa Mganga Mfawidhi, nakala kwa diwani na kwa afisa afya wa kata, waombe siku ya kutembelea. Wakirudi wasome majibu mbele ya wote, na nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mtendaji.