Hita ikigoma, msilaumiane

Najua utasema, "Hita, Mara hii? Ya nini?" Haya, toka Musoma kwenda Bunda, au ukweni Butiama, usiku wa masika, mmejifungia wawili ndani ya Peugeot 504 ya mzee. Kioo kinajaa ukungu, dereva haoni barabara, abiria anafuta kwa khanga, mara mshaanza kununiana. Kinachosafisha kioo hicho ni hewa ya moto ya hita.

Kabla hujanunua hita nyingine, fanya hivi. Injini ikiwa imepoa, angalia maji ya rejeta. Yakipungua, hita haipati moto. Kisha washa gari, likishapata joto gusa taratibu, mbali na feni, mipira miwili inayokwenda kwenye hita. Yote ya moto? Kagua fyuzi, feni ya ndani na waya wa kufungulia hewa. Mmoja moto, mwingine baridi? Koki imefunga au hita imeziba. Yote baridi na maji yapo? Muulize fundi kama aling'oa themostati. Wengine huing'oa gari likichemsha, na bila hiyo injini inachelewa kupata joto.

Ila zulia likilowa na ndani kukawa na harufu tamu, hita inavuja. Hapo usiseme "tutafika tu". Maji yakiisha injini inachemsha, na gasketi ya silinda hedi inaungua.

Kagueni pamoja jioni moja kabla ya safari: mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye boneti. Ukweni mtafika mnacheka.