Figo Mpya, Doa la Ngozi na Hukumu ya Jirani

Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini, na Machi 2018 ikafuata Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Huduma iliyowapeleka Watanzania India ikaanza kupatikana nyumbani, mtoaji akiwa ndugu aliye hai. Mtakatifu Yohane Paulo II, akihutubia wataalamu wa upandikizaji mjini Roma tarehe 29 Agosti 2000, alilitambua tendo hilo kuwa ni upendo wa kweli.

Lakini mwili huiona figo ya mwingine kama mvamizi. Kwa hiyo aliyeipokea hunywa dawa za kupunguza kinga kwa muda wote figo hiyo inapofanya kazi. Kinga hiyohiyo ndiyo inayodhibiti saratani ikiwa changa. Ikilegezwa, ngozi huwa miongoni mwa viungo vya kwanza kudhurika.

Ulaya na Australia huonya zaidi juu ya jua. Onyo hilo linawahusu watu weupe, na pia ndugu zetu wenye ualbino, ambao jua huwadhuru hata pasipo upandikizaji. Kwa mwenye ngozi nyeusi hatari hujificha mahali pengine: nyayoni, sehemu za siri, ndani ya kinywa. Hasa ipo saratani ya Kaposi, iliyoelezwa na daktari Moriz Kaposi wa Vienna mwaka 1872. Virusi vyake, vilivyogunduliwa mwaka 1994, vimeenea Afrika Mashariki. Wengi huishi navyo bila dalili yoyote, mpaka kinga iposhuka.

Hapo ndipo ugumu wetu ulipo. Kizazi kilichouguza ndugu zake katika miaka ya 1990 kiliyajua madoa hayo kama alama ya UKIMWI. Mvuvi wa Lituhi au Mbamba Bay aliyepandikizwa figo, akiota doa la zambarau au jeusi mguuni, anaweza kulificha kwa kuogopa macho ya watu. Au, na hili naliogopa zaidi, akisikia kwamba dawa ndizo zilizolegeza kinga, ataziacha mwenyewe. Na figo aliyopewa na ndugu yake itakataliwa na mwili.

Tiba ipo, ila si ya kujipangia. Daktari hupunguza dozi kwa hesabu au hubadili dawa. Mwaka 2005 madaktari wa Italia walitoa taarifa ya wagonjwa 15 waliohamishiwa dawa iitwayo sirolimusi: madoa yao yalitoweka, na figo zao hazikukataliwa.

Hospitali ya Litembo haipandikizi figo, lakini mgonjwa aweza kuanzia hapo, akiwa na orodha ya dawa zake, ili waliompandikiza waarifiwe. Wanajumuiya wanaomtembelea wamsindikize bila kumpekua kwa maswali. Na dozi ya jioni ile ainywe kama kawaida, hadi daktari wake atakaposema vinginevyo.