Baiskeli ya Stellenbosch Ina Helmeti, ya Sachangwan Ina Jeneza

Soma hadi mwisho kabla hujanitusi. Ukimaliza, nitusi tu, nimezoea.

Mliona zile picha. Mimi juu ya baiskeli ya buluu, mashamba ya zabibu nyuma yangu, mlima wa Simonsberg juu, glasi mkononi. Zilipata laiki kuliko kitu chochote nilichowahi kuposti. Hata wasee tuliosoma nao shule ya msingi hapa Sachangwan, ambao hawajanisalimia tangu nianze hii kazi ya kamera, waliandika: "Buda, umetoka mbali."

Ni kweli nimetoka mbali. Shida ni kwamba zile picha hazikuonyesha nimetoka wapi.

Acha niwaambie hiyo siku ilikuwa vipi. Stellenbosch ni mji mdogo, kilomita kama 50 kutoka Cape Town. Tangu Januari 2023 Mkenya anaingia Afrika Kusini bila viza, kwa hivyo siku hizi kila mwenye simu nzuri anataka kwenda. Mimi nililipiwa na kampuni moja ya usafiri. Kazi yangu ilikuwa kutoa vidio nne na picha kumi, na vaibu iwe safi.

Asubuhi tukagawiwa baiskeli zenye gia kibao, helmeti, na fulana zinazong'aa. Kiongozi mmoja mbele, mwingine nyuma, halafu gari linatufuata polepole likiwa na maji, pampu na sanduku la dawa. Tukifika barabara kubwa, kiongozi anainua mkono na magari yanasimama. Malori pia. Wasee, lori linasimama kwa sababu ya mtu wa baiskeli! Mimi wa Sachangwan hiyo ndiyo ilinilevya kabla ya mvinyo.

Halafu mvinyo wenyewe. Mashamba matatu, glasi nne au tano kila shamba. Unafundishwa kuzungusha, kunusa, kuonja, kisha kutema kwenye ndoo. Kwa shosho yangu ukitema muratina umemtukana yeye na ukoo wake. Lakini sawa, kila mji na adabu zake. Tukaonja Pinotage, zabibu iliyozaliwa hapo hapo Stellenbosch mwaka 1925, profesa Abraham Perold alipochanganya Pinot Noir na Cinsaut. Kufika shamba la tatu hakuna aliyekuwa anatema tena. Nusu ya kundi walikuwa wamelewa, wanaendesha baiskeli wakicheka, na hakuna aliyeitwa mlevi. Waliitwa watalii.

Sasa rudini nyumbani na mimi.

Hapa kwetu barabara inashuka kutoka Mau Summit, inapita Sachangwan, Migaa, hadi Salgaa. Ni mteremko mrefu, malori yanashuka breki zikinuka, na wako madereva wanaoweka gia huru ili waokoe mafuta. Januari 31, 2009, tanka la petroli lilianguka hapa Sachangwan. Watu wakakimbia na mitungi na ndoo, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya 100. Nilikuwa mdogo sana, lakini siku hiyo tunahesabia nayo umri hapa: huyu alizaliwa kabla ya moto, yule baada. Desemba 31, 2017, basi na lori zikagongana Migaa, watu 36 hawakuona mwaka mpya. Baadaye ukuta wa zege ukawekwa katikati ili magari yasigongane uso kwa uso. Vizuri. Lakini ukuta huo ni wa magari. Mtu wa baiskeli bado anaendesha pale pembeni, pale lami inapoisha kama ngazi na changarawe inapoanza.

Mjomba wangu alikuwa wa pale pembeni. Black Mamba, mitungi miwili ya maziwa, kila asubuhi kabla jua halijatoka. Hakuwa na helmeti wala fulana ya kung'aa, na gari pekee lililokuwa likimfuata ni lile lililomrusha mtaroni. Lori halikumgusa hata, lilimpitia karibu tu, akayumba, gurudumu likatoka kwenye lami. Nyonga ikavunjika. Lori halikusimama. Leo anatembea kwa fimbo, na tunamwambia ana bahati, kwa sababu wenzake wengine tuliwazika.

Sasa niambieni. Mimi na mjomba tumefanya kitu kile kile: tumepanda baiskeli pembeni mwa barabara. Mbona mimi naitwa mtu aliyefika na yeye anaitwa maskini? Tangu lini baiskeli ikawa ya heshima ukiipandia likizo, na ya aibu ukiipandia kazi?

Na msiseme hiyo ni tabia ya wazungu. Ni yetu. Sisi ndio tunamcheka kijana anayekuja deti na baiskeli. Sisi ndio tukipata elfu chache tunakimbilia nduthi ya mkopo, ili tu tusionekane tukikanyaga pedali. Hii ni nchi ambayo Chris Froome alizaliwa, akafunzwa baiskeli na David Kinjah pale Kikuyu, kisha akashinda Tour de France mara nne akiwa na bendera ya Uingereza. Kigali hapo jirani waliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli Septemba 2025, mara ya kwanza Afrika. Sisi bado tunamuuliza mwenye baiskeli kama maisha yamemlemea.

Lakini sijaandika haya kuhusu baiskeli peke yake. Kuna kitu niliambiwa nifute, na leo sitafuta.

Shamba la tatu, nyuma ya ile nyumba nyeupe nzuri mnayoiona kwenye picha, niliona safu ya vijumba vidogo. Nikamuuliza kiongozi wetu, mzaliwa wa pale, nani anaishi huko. Akanitazama kama mtu ambaye hajaulizwa hilo swali siku nyingi. Akasema, wafanyakazi. Halafu akaniambia babu yake alilipwa mvinyo.

Nilidhani nimesikia vibaya. La. Mfumo ulikuwa na jina, uliitwa dopu. Mfanyakazi wa shamba la zabibu alipewa sehemu ya ujira wake kwa mvinyo, vikombe kadhaa kwa siku, kuanzia asubuhi. Sheria ilikuja kuupiga marufuku, lakini kuna mashamba yaliyoendelea nao hadi miaka ya 1990. Matokeo yake hayajaisha: jimbo hilo la Western Cape lina viwango miongoni mwa vya juu kabisa duniani vya watoto wanaozaliwa na madhara ya pombe waliyoyapata tumboni. Na kabla ya dopu ilikuwa utumwa. Stellenbosch ilianzishwa 1679, na mashamba ya huko yalilimwa na watumwa walioletwa kwa meli kutoka Madagaska, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia. Msumbiji, wasee. Pwani hii hii yetu ukiifuata kwenda kusini.

Na msidhani ni mambo ya zamani tu. Mwaka 2012 wafanyakazi wa mashamba ya zabibu pale De Doorns, jimbo hilo hilo, waligoma. Kima cha chini kilikuwa randi 69 kwa siku. Walidai 150, wakapata 105 kuanzia Machi 2013, na kuna waliokufa katika mgomo ule. Hesabu glasi zangu za siku ile kwa randi 69 uone zimekula siku ngapi za mtu.

Nilirekodi yale mazungumzo, kiongozi akiwa amekubali. Nikatuma vidio kwa walionilipia. Jibu likaja haraka: ondoa hiyo, haiendani na vaibu. Nikaiondoa. Mimi mwenyewe, kwa kidole changu. Nilihitaji hiyo chapaa, mathe alikuwa na deni la mbolea, na nikajiambia nitaongea siku nyingine. Hiyo ndiyo aibu yangu katika hii stori na siilazi kwa mtu mwingine.

Kuna mtu tayari anaandika: "Basi kaa nyumbani, tembea Kenya." Sawa, twende Naivasha. Kuna zabibu pale Morendat, na mvinyo wake, Leleshwa, una jina la kile kichaka cha majani ya kijivu mnachokiona kote bondeni. Kuna Hell's Gate, ambako unapiga pedali kati ya pundamilia na twiga. Nimeenda, ni poa sana, nendeni. Lakini amka siku moja saa kumi na moja alfajiri usimame Karagita, kwenye barabara ya South Lake. Utaona baiskeli zingine. Hao ni wafanyakazi wa mashamba ya maua wakienda zamu, gizani, pembeni mwa lami. Saa tatu utapita wewe hapo hapo na baiskeli ya kukodi, na wewe ndiye utapigwa picha. Kwa hivyo kuhamisha likizo kutoka Stellenbosch hadi Naivasha hakutatui kitu kama macho yetu ni yale yale.

Tuje kwa pombe, na hapa ndipo nitapoteza wafuasi. Julai 2025 NACADA ilitoka na sera inayopendekeza umri wa kunywa upande kutoka 18 hadi 21, na watu maarufu na wenye wafuasi mtandaoni wakatazwe kutangaza pombe. Tukapiga kelele sote, mimi nikiwa mbele. Hilo la umri bado nalipinga: ukiweza kupiga kura na kushtakiwa kama mtu mzima, unaweza kuamua kuhusu glasi yako. Lakini hilo la kutangaza, nimebadilisha mawazo. Mimi ninajua kilicho nyuma ya posti. Ninajua nililipwa nitabasamu na glasi mbele ya watoto wa sekondari wanaonifuata, na kwamba ile sehemu pekee ya ukweli ndiyo niliyoambiwa nikate. Mtu anayelipwa akate ukweli asijiite rafiki yako.

Na angalieni unafiki ulivyo. Mzee wa Sachangwan akikunywa cha bei rahisi, ni mlevi, chifu anamfukuza. Shosho akitengeneza muratina ya ruracio, ni mambo ya kishamba. Lakini zabibu ikichacha kwenye pipa la mwaloni, mtu akaielezea kwa maneno matamu, ni utamaduni. Sisemi kileo ni kizuri; hapa tumepoteza watu wengi kwa pombe chafu. Nasema tu kwamba tofauti kati ya mlevi na muonjaji, mara nyingi, ni nani analipa.

Mtasema, "Uliacha chuo mwaka wa pili, leo umekuwa profesa." Niliacha, ndiyo. Lakini haihitaji digrii kuuliza nani anaishi kwenye vile vijumba.

Mtasema pia, "Umekula vya watu, sasa unavitemea." Ni kweli nimekula. Ndiyo maana nina haki ya kusema ladha yake.

Sasa nataka nini? Sitaki muache kusafiri. Nendeni Stellenbosch, ni pazuri kweli, na kiongozi wetu alikuwa mtu wa heshima anayehitaji kazi yake. Lakini ukifika, uliza anayevuna analipwa ngapi, na ukiposti, posti jibu. Na kama kampuni inasema usiposti, tuambie hivyo. Mimi kuanzia leo kila safari ya kulipiwa nitaandika nimelipiwa, na sitakubali tena mkataba wa kukata.

La pili ni la hapa nyumbani, na lina haraka. Novemba 2025 Rais alizindua upanuzi wa barabara kutoka Rironi hadi Mau Summit. Inapita hapa hapa mlangoni kwetu, na magari yatalipia kila kilomita. Matingatinga tayari ni stori ya kila kibanda cha chai. Kila mtu anabishana kuhusu ada. Sisikii mtu akiuliza: njia ya baiskeli iko wapi kwenye mchoro, kati ya Salgaa na Mau Summit? Sitaki mstari wa rangi ambao lori litaukanyaga. Nataka njia yenye ukingo, upana wa baiskeli mbili zenye mitungi ya maziwa.

Lami ikishamwagwa, imemwagwa. Hakuna atakayerudi kuongeza nafasi ya mjomba wangu. Kwa hivyo ule muda mlioutumia kulaiki picha yangu, utumieni mara moja tu kumwandikia MCA wako, mbunge wako, na KeNHA, na muulize hilo swali moja. Mikutano ya wananchi ikitangazwa, twende tukajaze viti. Mimi nitakuja na kamera, bila mtu kunilipa.

Nilimwonyesha mjomba ile vidio ya Stellenbosch. Aliitazama yote kimya. Nilidhani atauliza kuhusu mvinyo. Akairudisha nyuma kwa kidole, akaisimamisha pale kiongozi anapoinua mkono na lori linasimama. Akaniuliza, "Huyo dereva, alikuwa anamjua?"

Nikamwambia hapana, mjomba. Huko wanasimama tu.