Uzee haulindi jengo, sheria ndiyo hulinda

Umewahi kupita kona ya Kenyatta Avenue na Loita Street, Nairobi, ukaona lile jengo kuukuu la mawe? Leo ni benki. Wengi wetu huingia, tukatoa pesa, tukaenda zetu. Linaitwa Kipande House, na lilijengwa 1913. Enzi za mkoloni, hapo ndipo Waafrika walisajiliwa na kupewa kipande, kile kitambulisho ambacho babu zetu walilazimishwa kuning'iniza shingoni kama kengele ya mbuzi.

Sasa sikiza. Jengo hilo halijasalimika kwa sababu ni zee. Limetangazwa kuwa turathi ya taifa.

Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo katika Gazeti Rasmi la Serikali, baada ya kushauriana na Makavazi. Likishatangazwa, mwenyewe hawezi kuamka tu asubuhi akaleta tingatinga. Lisipotangazwa, hata liwe na miaka mia, mbele ya sheria hiyo ni mawe tu.

Maktaba ya McMillan, karibu na Msikiti wa Jamia, ina bahati zaidi. Ilifunguliwa 1931 na ina sheria yake yenyewe. Lakini sheria haizibi paa linalovuja. Kwa miaka mingi maktaba hiyo ilichakaa huku ikilindwa vizuri kwenye karatasi. Nilipoacha chuo, maktaba za umma ndizo zilinipa kiti na meza bila kuniuliza karo, kwa hivyo hili kwangu si hadithi ya watalii.

Na mitaa yetu je? Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940, na ukumbi wake ulivuma kwa mikutano ya siasa kabla ya uhuru. Pangani ya zamani ilishabomolewa kupisha maghorofa. Usinielewe vibaya: nyumba tunazihitaji, na kodi ya nyumba inatuuma wote. Sisemi kila ukuta wenye nyufa uhifadhiwe. Nasema tuamue kwanza kipi kibaki, kabla tingatinga halijatuamulia. Itakuwa aibu tukilinda ofisi iliyotoa vipande, halafu tusahau mitaa walikoishi waliovivaa.

Basi ufanye nini? Uliza kama ukumbi, shule au maktaba ya mtaa wenu imetangazwa. Kama bado, Kifungu cha 119 cha Katiba kinakuruhusu kupeleka ombi Bungeni, na huhitaji digrii. Ongea na wazee, andika wanayokumbuka, piga picha, kusanyeni sahihi.

Fanya hivyo sasa. Ukingoja mabati ya mjenzi yazungushwe, kitakachobaki ni picha kwenye simu yako.