Kiburi cha Wali Mweupe

Enyi ndugu waungwana, Mola ametukirimu ardhi yenye kunde, njugu, mchicha na mapapai, nasi, badala ya kuishukuru neema hiyo, twatazama weupe wa chakula kabla ya faida yake, hata imekuwa mtu akiandaliwa wali wa mchele wa kutwanga, ambao haujavuliwa wishwa wake wote, humhesabu mwenyeji kuwa amemvunjia heshima. Wahenga walinena: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Basi zingatieni habari za kuku wa Java. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, tabibu wa Kiholanzi, Christiaan Eijkman, akiwa Batavia kisiwani humo anayachunguza maradhi ya beriberi, ambayo hulegeza miguu, na pengine huvimbisha mwili na kuudhoofisha moyo hata mtu akafa, aliwaona kuku wake nao wakiyumba na kuanguka. Kumbe walikuwa wakilishwa makombo ya wali mweupe kutoka jikoni mwa hospitali ya askari. Akaja mpishi mpya, akakataa katakata wali wa askari kupewa kuku wa raia, wakarudishiwa mchele usiokobolewa sana, nao wakapona. Siri ilikuwa katika wishwa, na baadaye wataalamu wakaijua kuwa ni vitamini B1. Eijkman akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Nasi hadi leo wishwa twawamwagia kuku, twabaki na kiini kitupu, kisha miguu ikifa ganzi twamsingizia jirani uchawi!

Wali mweupe si haramu. Ubaya ni kuufanya ndio mlo wote. Wala simlaumu fukara asiye na hiari, bali mwenye uwezo ambaye mwanawe hufungua kinywa kwa chai ya sukari na mkate mweupe, na usiku hulala kwa wali na mchuzi mwepesi. Na hapa siwezi kuwanyamazia vijana wetu, waonao haya kushika fungu la mchicha sokoni, ila hawaoni haya kupita mtaa mzima na chupa ya soda mkononi.

Nanyi akina mama, mabingwa wa jungu na mwiko, rudisheni kunde, choroko na mboga za majani katika sinia, wala msiogope maneno ya wageni. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na beriberi, jamani, huanzia miguuni.