Mwanachuo na Kompyuta

Mwezi Machi 2020 vyuo vikuu vyote nchini vilifungwa ili kuzuia kuenea kwa ugonjwa wa UVIKO-19, na havikufunguliwa mpaka tarehe 1 Juni. Kipindi kile kilitufunza jambo kubwa. Mwanachuo aliyekuwa na kompyuta, na aliyejua kuitumia, aliweza kuendelea kusoma akiwa kwao. Mwenzake asiyekuwa nayo, au aliyejua kutumiana picha na salamu tu, alibaki akingojea milango ifunguliwe.

Wapo wanaodhani kuwa kijana akishamiliki simu ya kisasa basi ana ujuzi. Hilo ni kosa. Kushika jembe siyo kulima. Ujuzi tunaousema ni wa kutafuta maarifa katika maktaba za mtandao, kupambanua ukweli na uzushi, na kutunza kazi isipotee. Mwenye ujuzi huo akishindwa somo hakati tamaa, kwani anajua pa kutafuta msaada. Asiye nao huacha masomo, au hunakili majibu ya akili mnemba na kuyaita yake. Huko ni kujidanganya, na ni kulidanganya Taifa linalomtegemea.

Wapo pia watakaosema kuwa uwezo wetu ni mdogo. Tunawakumbusha kuwa Oktoba 1961 elimu ya chuo kikuu ilianza nchini katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kwa kitivo kimoja tu cha Sheria. Hatukungoja majengo ya Mlimani yamalizike.

Kwa hiyo tunavitaka vyuo vyetu vilifanye somo la kompyuta kuwa la vitendo tangu mwaka wa kwanza, siyo la kukaririwa kwa ajili ya mtihani. Vyumba vya kompyuta viwe wazi hata usiku na siku za mapumziko, ili mtoto wa mkulima asiye na kompyuta yake asiachwe nyuma. Nao wanavyuo wanaojua wawafundishe wenzao.

Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alitaka elimu imjengee kijana akili ya kudadisi, na uwezo wa kujifunza kwa wengine bila kuwaiga kikasuku. Wananchi wanaochangia gharama za vyuo hivyo kwa jasho lao wanayo haki ya kudai wasomi wa namna hiyo.